Dau si jahazi, na mrama si kuzama

Simama gatini Lamu maji yakiwa yamejaa. Mbele yako patakuwa na jahazi, mashua kadhaa, labda na mtumbwi wa mvuvi, na mgeni mwenye kamera ataviita vyote dhow. Neno hilo ni la Waingereza, walitumie watakavyo. Shida ni pale linaporudi kwetu: mwandishi wa gazeti analikuta kwenye taarifa ya Kiingereza, anaandika "dau", kisha juu yake anaweka picha ya jahazi.

Jahazi litambue kwa tezi, yaani nyuma yake. Tezi ya jahazi ni bapa, kama ubao uliosimamishwa, na usukani umefungwa hapo. Omoni, mbele, huwekwa mato mawili (macho, kwa asiye Mwamu). Mashua nayo ni bapa nyuma, ila ni ndogo. Dau la asili limechongoka mbele na nyuma, hata ukiliona kwa mbali tanga likiwa limetuliwa hujui linaelekea wapi. Mtepe, chombo cha zamani cha visiwa hivi, mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ngalawa ina matengo ubavuni, yaani mbao za kuelea zinazoizuia isipinduke. Yaondoe, unabaki na mtumbwi. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu, hawahitaji kuambiwa haya. Wanaoandika vitabu vya shule wanahitaji.

Lakini neno linaloteswa kuliko yote ni mrama. Siku hizi duka likifungwa limekwenda mrama, ndoa ikivunjika imekwenda mrama. Kwa baharia, chombo kinachokwenda mrama kinalala ubavu huu na ubavu huu: mlingoti unainama kushoto, unainuka, unainama kulia. Hakijapinduka wala hakijazama. Mara nyingi sababu ni farumi (uzito wa kukituliza chombo) haba, au shehena nzito imepangwa juu na nyepesi chini. Dawa yake ni kushusha mizigo mizito ngamani, chini tumboni mwa chombo, na kuibana isiteleze. Chombo kikiwa kitupu, hutiwa mawe au mchanga kipate uzito wa chini. Hilo la kubana ndilo watu hulisahau. Magunia yaliyoachwa huru huteleza upande ule chombo kinaolala, uzito wote ukahamia huko, na wimbi linalofuata likakikuta hakina nguvu ya kuinuka. Hapo ndipo kinapopinduka, na kupinduka kuna neno lake. Basi duka lililokwenda mrama lingali linaokolewa, lililofungwa limezama. Andika limezama.

Na tukiwa bado ngamani: wapo wanaokariri "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" kana kwamba tezi na omo ni miji ya mbali. Ni nyuma na mbele ya chombo. Ngama ni tumbo lake, kule yanakokusanyika maji yanayovuja. Tembea juu utakavyo, zamu yako ya kufua maji itakushusha. (Ndiyo, kufua, yaani kuyateka na kuyamwaga nje. Si nguo peke yake zinazofuliwa.)

Kusi na kaskazi ni pepo, pia ni majira yake. Pande za dunia ni kusini na kaskazini. Silabi moja tu, lakini ukiiacha unaigeuza safari. Upepo huitwa kwa jina la unakotoka. Kaskazi, tuseme Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo humsukuma baharia kwenda kusini. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Anayeandika kwamba msafara "ulielekea kaskazi" ameupeleka mdomoni mwa upepo, na huko haufiki bila kubisha, yaani kukata mshazari kulia na kushoto. Kubisha huko hakuna ugomvi ndani yake.

Bamvua nalo limeanza kuandikwa kama dhoruba. Bamvua ni maji makuu: hujaa sana, kisha hupwa sana, hata bahari ikiwa shwari kama kioo. Huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Kwa kalenda ya Kiislamu, yatafute kati ya tarehe 1 na 3, tena kati ya 15 na 17. Maji mafu huangukia karibu na 8 hadi 10, na 22 hadi 24. Hayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana, basi ratiba ya wiki iliyopita haikufai leo. Mwenye chombo kizito anayetaka kupita Mkanda, mlango wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, kwenda Pate tarehe 9 ya mwezi huo wa Kiislamu, aulize kwanza kina.