Shangingi la baba: kilomita chache, miaka mingi

Baba alifariki mwaka 2016 akatuachia Land Cruiser VX ya mwaka 2002, ile ya dizeli yenye injini ya 1HD-FTE, silinda sita, lita 4.2. Alilitoa kwa harusi, misiba na safari za Lushoto. Siku nyingine zote lilikaa chini ya mwembe nyumbani Raskazone, Tanga, ambako upepo wa bahari unaingia mpaka sebuleni. Nilipoanza kulishughulikia mwaka 2021, dashibodi ilisoma kilomita 71,000, na kila aliyelichungulia aliniambia neno lile lile: hili bado jipya, dada, tia betri uendeshe.

Nilikaribia kuwasikiliza. Aliyenizuia ni fundi mmoja mzee wa Ngamiani, ambaye kabla hata ya kufungua boneti alichuchumaa kwenye tairi la mbele, akafuta vumbi kwa kidole na kunionyesha tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 1809.

"Wiki ya 18, mwaka 2009," akasema. "Kashata, hizi meno za tairi, bado nene, lakini mpira umekufa."

Nikabonyeza kwa ukucha, pagumu kama ubao. Kwenye ubavu wa tairi kulikuwa na nyufa nyembamba ambazo nilikuwa nimepita karibu nazo mara mia bila kuziona. Tairi la akiba, lililoning'inia chini ya gari na halijawahi kugusa barabara, lilikuwa na umri wa gari lenyewe. Tulibadilisha yote matano.

Kisha akafungua kifuniko cha mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini. Gari hili lina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, na mimi nilikuwa nimejituliza kwamba kama haijawaka basi mkanda uko salama.

"Taa hiyo inahesabu kilomita, mwanangu," mzee akanijibu. "Haihesabu Ramadhani."

Alimulika kwa tochi ya simu, nikauona mgongo wa mkanda umepasuka magaga kama kisigino. Kwenye injini hii mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hujadili tena matengenezo, unajadili injini nyingine. Tulibadilisha mkanda, baringi yake, kikazio na sili za oili zilizokuwa karibu, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Hapa sikubembeleza bei. Nilinunua spea halisi, nikasubiri wiki mbili zifike kutoka Dar es Salaam. Wapo watakaokuambia feki nayo inatembea, na kweli inatembea, lakini kwenye mkanda wa taimingi sitakubaliana nao kamwe.

Tangu siku hiyo nilikunja daftari la baba la kilomita nikafungua lingine, la tarehe. Gari linalokaa muda mrefu huharibika kwa kalenda. Oili nabadilisha kila miezi sita hata kama nimetembea kilomita 800 tu, maana safari fupi fupi hazichemshi injini vya kutosha kuukausha unyevu, na unyevu huo hubaki ndani ya oili ukaichafua. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani, na Tanga hewa yenyewe ni maji. Yaliyotoka kwetu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na pistoni ya breki ya nyuma kulia ilikuwa imeanza kushika kutu. Sasa yanabadilishwa kila baada ya miaka miwili. Kulanti (maji ya kupozea injini), hosi za rejeta, mikanda ya nje na betri vilibadilishwa kwa siku moja, sina la kusimulia hapo.

Dizeli ya zamani tuliimwaga yote. Tangi linalokaa nusu hujikusanyia maji ya umande ndani, kwa hiyo siku hizi naliacha likiwa limejaa, na fundi hufungua koki ya chujio la dizeli kumwaga maji kabla hayajafika kwenye pampu.

Kilichonisumbua zaidi ya vyote ni chumvi. Chini ya gari, kwenye viungio vya chesisi na juu ya difu ya nyuma (gea zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kutu ilikuwa imeanza kutoa maganda. Fundi mwingine alinishauri tupulizie oili chafu chini kote, na najua wengi hufanya hivyo. Nilikataa. Oili hulainisha na kuvimbisha mpira, na chini kule kumejaa bushi na buti za mpira ambazo tayari zina miaka yake. Tulikwangua kwa brashi ya waya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, na kila mwezi naosha chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Gari pia lilihama kutoka chini ya mwembe. Panya walikuwa wameshaanza kutafuna nyaya karibu na betri, na majani yalikuwa yameziba njia za maji chini ya kioo cha mbele.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba gari linahitaji kutumiwa viungo vyake vyote. Swichi ya kufunga difu ya katikati, ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yavute pamoja, ilikuwa haiitiki, kwa kuwa baba hakuwa na sababu ya kuigusa kwa miaka mingi. Ililainika baada ya kusafishwa, na sasa kila mwezi naiwasha na kuizima kwenye barabara ya mchanga, pamoja na gea ya nzito, ile ya mwendo mdogo wenye nguvu. AC nawasha hata siku za baridi, kwa sababu oili ya kompresa husafiri na gesi, na isipozunguka sili hukauka. Nipeli (vitundu vya kutilia grisi) za propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, zinapigwa grisi kila tunapobadilisha oili.

Jumamosi moja baada ya nyingine nampakia mama tunakwenda Muheza na kurudi. Injini inapata joto lake sawasawa, breki zinafanya kazi, mama ananunua machungwa barabarani. Mwaka jana alitaka twende Lushoto kumzuru dada yake. Kupanda kutoka Mombo, kona baada ya kona, macho yangu hayakutoka kwenye mshale wa joto, na mshale haukusogea. Mama alishika kile kishikio cha juu ya mlango alichokuwa akikishika enzi za baba, akaniambia nipunguze mwendo kwenye kona ile ile aliyokuwa akimwambia yeye.

Bado mipira laini ya breki ya magurudumu ya nyuma ni ile ya mwaka 2002. Mipya imeshafika, iko kwenye boksi, na mzee wa Ngamiani anakuja kesho asubuhi.