Jinsi nilivyotatua besi iliyokuwa ikikohoa kwenye pikapu yangu

Sanduku la kwanza la spika nililotengenezewa hapa Malindi lilikuwa la chipubodi, ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Unyevu wa bahari ukalivimbisha kabla Kusi haijaisha, na sabufa yangu ya inchi 10, ile spika ya besi, ikawa inakohoa tu.

Nikaunda jingine mwenyewe, kwa plaiwudi ngumu ya milimita 18. Nyuma ya kiti pamelala mshazari, kwa hivyo ndani lina kina cha sentimita 12 juu na 20 chini, kimo 34, upana 50. Wastani wa kina ni 16. Zidisha, unapata lita 27 na ushei. Punguza nafasi inayoliwa na spika yenyewe.

Gundi, skrubu, silikoni kwenye pembe. Bado likapiga mluzi! Jioni mama alikuwa akifukiza ubani. Nikaazima chetezo chake, nikakipitisha kando ya maungio huku nikibonyeza koni ya spika taratibu kwa vidole. Moshi ukaruka penye tundu la waya. Nikaliziba, nikatia na sufi kidogo ya mto uliochakaa.

Sasa hata kioo cha nyuma kinatetema. Mama hapandi tena gari langu.