Uyoga wa bibi nusura uniue Seattle

Siku ya kwanza kwenda kwa klabu ya wapenda uyoga wa Seattle, Marekani, nilibeba mfuko wa rambo, ndani mna uyoga saba. Ushauri wao sikuutaka. Nilitaka waniambie "sawa" tu, nikapike.

Nimekulia nje ya Songea. Mvua za Desemba zikikolea, bibi alikuwa anatuamsha alfajiri twende porini kabla wengine hawajawahi. Alioupenda zaidi ulikuwa mnene, una pete shingoni, na shina lake limekaa ndani ya kikombe kama yai lililopasuka. Tuliula kwa karanga miaka yote. Basi nilipouona chini ya mti wa mapambo kando ya barabara, jirani kabisa na ninapoishi, sikuwa na wasiwasi. Pete ipo, kikombe kipo.

Klabu yenyewe inaitwa Puget Sound Mycological Society, ipo tangu 1964. Mama mmoja wa makamo aliugeuza uyoga wangu, akanyamaza, akamwita mwenzake. Swali la kwanza: "Umeshaula?"

Ulikuwa Amanita phalloides, uyoga wenye sumu ya kuua. Kuupika hakuondoi sumu. Mlaji hukaa saa sita, kumi na mbili, hata zaidi, ndipo aanze kutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu akadhani yamekwisha, kumbe ini linaharibika. Ulifika Marekani kutoka Ulaya, umejificha kwenye mizizi ya miti ya kupandwa.

Bibi hakukosea, jamani. Wake ni ndugu wa huu, jamii hiyohiyo ya Amanita, ila ule wa miombo ni chakula. Mimi ndiye niliyetumia macho ya Songea kwenye mtaa wa Seattle.

Nilitegemea kuchekwa. Wakavuta kiti, wakauliza bibi aliupikaje. Nilipotaja uyoga wa vichuguu, ule ambao mchwa wenyewe huulima, walijaa mezani. Wengi walikuwa wameusoma tu vitabuni. Nikajikuta mwalimu kwa dakika kadhaa, huku sumu yangu iko pale pale kwenye rambo.

Hiyo rambo nayo walinikanya. Uyoga hutoka jasho ndani ya plastiki ukaoza, kwa hiyo sasa natumia kikapu na mifuko ya karatasi, kila aina na mfuko wake. Na uyoga nisioujua siukati. Nauchimbua na kisu mpaka chini, kwa sababu ukikata unaacha kikombe ardhini, na hicho ndicho kinachokuambia umeshika nini. Kisha naandika ulikuwa chini ya mti gani.

Oktoba tulipanda milima ya Cascades. Chini ya miti aina ya Douglas nikaona rangi ya chungwa kwenye ukungu: uyoga wa kantareli! Chini ya kofia mna mikunjo inayoteremka hadi kwenye shina, na ukinusa, ni tunda bivu. Ndugu zake wanaota Songea. Nilikuwa na uhakika, lakini niliuliza watu wawili kabla ya kutia kikapuni.

Mkutano uliofuata nilipeleka sufuria ya kantareli kwa karanga. Karanga mbichi nilizifuata duka la Wasomali kule Tukwila, nikasaga mwenyewe. Za chupa za huku wanazitia sukari.