Miche iliyokufa kiu maji yakiwa miguuni

Wakati ule nimemaliza shule niko tu Kasese, magharibi mwa Uganda, sina mbele sina nyuma, nikasikia kuna mradi unatafuta vijana wa kumwagilia miche kule chini karibu na mpaka wa mbuga ya Queen Elizabeth, wanalipa kwa jerikeni. Nikaenda mbio. Waliokulia Kasese wanaijua ile sehemu, ule mkanda wa ardhi unaoshuka kuelekea Ziwa George, pembeni nyasi za magotini ila katikati peupe kabisa, hata magugu yamesusa.

Stori yake ya zamani. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kuzalisha 1956 ukaja kusimama mwanzoni mwa miaka ya 80, shaba ikaenda zake, mabaki yenye piraiti (madini ya chuma na salfa) na kobalti yakarundikwa Kasese zaidi ya tani milioni 1, na mvua ikawa inayabeba mdogo mdogo mpaka mbugani. Piraiti ikikutana na maji na hewa inatoa asidi ya sulfuriki, ile ile ya betri ya gari, nayo inayeyusha shaba iliyobaki kwenye udongo. Baadaye kiwanda kilikuja kuyachakata yale marundo kutoa kobalti, lakini kilichokwisha kumwagika huko chini nani akizoe?

Basi watu wa mradi wakaleta miche na lori, kalitusi na grevilea, waheshimiwa wakapanda mmoja mmoja, picha, soda, wakaondoka. Ilikuwa Februari, kiangazi chenyewe. Tulibeba maji kwa baiskeli asubuhi na jioni na bado miche inazidi kuwa ya njano, siku moja bosi akaja anafoka eti maji tunawauzia watu wa boda waoshee pikipiki, hela hatoi.

Kulikuwa na mzee mmoja Mkonjo, zamani alifanya kazi mgodini, baiskeli tulikuwa tunaziacha kwake. Akasogea.

"Kijana, ng'oa huo mmoja."

"Mzee, si watasema tumeharibu?"

"Ushakufa huo, mwanangu. Ng'oa."

Nikang'oa. Udongo umelowa chepechepe, ukiukamua maji yanatoka. Ila mizizi sasa! Ilikuwa bado imejikunja ndani ya ule udongo wa kavera, yaani kile kifuko cha plastiki cha kitaluni, iliyojaribu kutoka nje imeishia hapo hapo, mifupi, minene, ncha nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka, na vile vinyweleo vya kunywea maji hakuna hata kimoja. Shaba ikizidi inaua ncha ya mzizi kwanza, mzizi haurefuki tena, haunywi, mche unakufa kiu na maji unayo. Halafu jua la Kasese unalijua, maji tunayomwaga yanavutwa tena juu, yanakauka yanaacha ukoko mweupe wenye ukijani kijani, yaani kila jerikeni ilikuwa inapandisha ile sumu kwa juu. Na mimi nalipwa kwa hiyo kazi.

Bosi akaangalia ule mzizi, akatulia. "Sasa tufanyeje mzee?"

Mzee akasema leteni chokaa ya Muhokya (wanachoma hapo hapo jirani, hata lori kubwa haihitajiki), leteni mavi ya ng'ombe, halafu msitafute miti, chukueni mashina ya nyasi zinazoota pale ukingoni kabisa mwa huo mkanda, hizo zimeshazoea shida. Chokaa inapunguza ukali wa asidi, samadi inaishika shaba isiingie kwenye mzizi. Kwangu mimi huyo ndiye alikuwa mtaalamu wa pale, mwenye kofia ya mradi alikuwa mgeni tu.

Tukalima kona moja hivyo. Mvua za Aprili zilipokolea nyasi zilishika, kwa mabaka mabaka, palipokosa chokaa pakabaki vile vile peupe. Miche ya waheshimiwa ilikauka yote, bango la mradi likabaki limesimama. Mimi nililipwa nusu, mzee hakulipwa kitu.