Uganga unaofuata maji

Hadithi nyingi za kubuni huharibikia hapa: mganga anaweza lolote, saa yoyote, bila kulipia. Anayeandika Mombasa ana kipimo mlangoni pake, bahari, na inasikitisha jinsi tunavyokiacha.

Chukua kisiwa cha kubuni ambacho nguvu za uganga hupanda na kushuka pamoja na maji. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Dawa iliyoshika leo saa nne asubuhi, kesho ingoje karibu saa tano. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Mombasa, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na mganga hodari hawezi kutuliza hata homa ya mtoto. Kosa la kawaida ni kuweka kilele usiku wa mwandamo wenyewe, ilhali bamvua kubwa huchelewa siku moja au mbili. Mvuvi wa Likoni atalinasa kosa hilo ukurasa wa kwanza.

Kwa gharama, tazama kombe: maandishi ya zafarani kwenye sahani, yakakoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Aya za Kurani ziache mahali pake. Buni hati yako. Mistari 7, kikombe kimoja cha maji, na sharti: wino ukikauka kabla maji hayajaanza kupwa, ugonjwa humhamia aliyeandika.

Utawala ndio wengi huuruka. Mombasa ya kale ilikuwa na Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili, Tisa upande mmoja na Tatu upande wa pili, kila upande na kiongozi wake, tamimu. Kwa hivyo kibali cha uganga kitolewe na matamimu wawili, mmoja kila upande. Mwenye kibali ni mganga. Asiye nacho, hata akiponya, ni mchawi. Hapo pana ugomvi wa sura kumi.

Sheria ya Uchawi ya Kenya ya 1925 nayo inafundisha jambo: humwadhibu anayejidai kuwa na uwezo wa kutia watu hofu au kuwadhuru. Mahakama yako ya kubuni basi isipime nguvu, ipime dai na hofu iliyozuka.

Kabla ya sura ya kwanza, chora jedwali la siku 30: mwezi, saa ya kujaa, saa ya kupwa. Kila tendo la uganga liandikie siku yake. Lisilopata maji, lifute.