Siku niliyopandikizwa mfupa kwenye taya

Yani mimi miaka yote nilikua najua jino likishang'olewa basi, unabaki na pengo maisha yanaendelea. Magego yangu ya chini kushoto yalitolewa zamani na hakuna aliyeniambia kua mfupa unaoshika jino unaishi kwa ajili ya lile jino, likiondoka mwili unaanza kuula wenyewe, na unaliwa zaidi mwaka wa kwanza, upana unaweza kupungua hata kufika nusu. Jamani hili lingesemwa siku ile ile ya kung'oa!

Basi nilivyoenda kuulizia implanti, ile skrubu inayofungwa kwenye mfupa wa taya ili ishike jino la bandia, daktari akanipiga ile picha ya kuzunguka kichwa, akaifungua kwenye kompyuta vipande vipande. Akaniambia, "Dada angalia, hapa umebaki na milimita 3 za upana, skrubu yenyewe ina 4, na inataka mfupa wa kutosha kila upande." Akanionyesha na mshipa wa fahamu unaopita chini kwenye taya, ukiguswa mdomo unaweza kubaki na ganzi. Kwaiyo kwanza ni kujenga mfupa, implanti baadae.

Nikamuuliza, daktari, huo mfupa unatoka kwa nani? Akanieleza vizuri bila haraka: unaweza kukwanguliwa wako mwenyewe nyuma ya taya, upo wa watu waliojitolea, upo wa ng'ombe uliosafishwa mpaka yakabaki madini tu, na upo wa kutengenezwa kiwandani. Na ule utando wa kufunikia, upo wa ng'ombe na upo wa nguruwe. Kwangu mimi hilo la dini halina mjadala, nikasema ng'ombe vyote viwili, changanya na wangu. Akaandika kwenye faili mbele yangu na siku ya kazi akanionyesha boksi nisome mwenyewe. Nilimheshimu sana kwa hilo, kila mgonjwa anastahili kuulizwa kabla.

Siku yenyewe nilichomwa ganzi tu, sikulazwa usingizi, kwaiyo nilisikia kila kitu isipokua maumivu. Fizi ikapasuliwa ikafunuliwa, alafu akaanza kukwangua mfupa kule nyuma, ile sauti inapita kwenye fuvu lote mpaka machozi yakanitoka, nesi akanishika mkono hakuuachia. Akatoboa vitundu vidogo vidogo kwenye mfupa ili damu itoke, anasema pasipo damu pandikizi halishiki. Nikaona kibakuli: chenga nyeupe kama chumvi ya mawe, zikachanganywa na mfupa wangu na damu yangu zikawa uji mwekundu mzito, akaupakia taratibu pembeni ya taya, akafunika na ule utando akaubana na vipini vidogo. Utando una kazi yake, nyama ya fizi inakua haraka kuliko mfupa, usipoizuia inaingia inachukua nafasi yote. Mwisho akaivuta fizi ikutane bila kukazwa, akashona.

Shavu lilivimba likawa jeusi mpaka shingoni. Nilikula laini upande mmoja na kile kimeno cha kuvaa nilikatazwa kabisa maana kikigandamiza pale kazi yote inaharibika. Alafu ikawa kusubiri, miezi na miezi, unaambiwa ndani mwili unajenga mfupa wako kupitia zile chenga na wewe huoni chochote.

Picha ya pili ikatoka milimita 7. Alivyofungua kuweka skrubu ya titani akatoa vile vipini, akaanza kutoboa, akasema mfupa mgumu, unatoa damu, ni mzima huu. Skrubu ikaingia ikakaza. Nikiwa bado na mipamba mdomoni nikamuuliza jino lenyewe lini, akasema tuupe mfupa miezi kama mitatu uishike kwanza, nikamwambia sawa daktari, nitasubiri.