Na malori ya soya hadi Mto Tapajós

Basi liliondoka Sinop, kaskazini mwa jimbo la Mato Grosso nchini Brazil, bado giza. Kulipopambazuka tulikuwa katikati ya malori, kila moja na tela mbili na ekseli tisa, yote yamebeba soya kuelekea bandari ya Miritituba kwenye Mto Tapajós, karibu kilomita 1,000 mbele. Pembeni mwa lami, punje zilizomwagika zilikuwa zimeshaota kwa mvua za Februari.

Nilitamani sana kuiona barabara hii, BR-163, maana ni mojawapo ya njia ambazo China imezitumia kujinasua mikononi mwa Marekani. China huagiza takriban tani milioni 100 za soya kwa mwaka, ikamue mafuta ya kupikia na mashudu ya kulishia nguruwe na kuku. Julai 2018, Marekani ilipozitoza ushuru bidhaa za China, China nayo ikaitwisha soya ya Marekani ushuru wa asilimia 25. Mwaka huo takriban robo tatu ya soya iliyoingia China ilitoka Brazil.

Ukisikia hivyo utadhani ni jambo la kuamua leo na kufanya kesho. Sivyo. Kando yangu aliketi mzee mmoja mkulima, aliyehamia huku kutoka Rio Grande do Sul, jimbo la kusini kabisa mwa Brazil, akiwa kijana, na kwa Kireno nilichokiokota Maputo tukazungumza zaidi juu ya chokaa. Udongo huu mwekundu wa Cerrado, nyika pana ya katikati ya Brazil, una asidi kali. Wao walimwaga chokaa msimu baada ya msimu ndipo shamba likakubali kuzaa. Mbegu zenyewe zilihitaji watafiti wa Embrapa, shirika la serikali lililoanzishwa 1973, wapate aina za soya zinazostawi kwenye joto la tropiki. Na mwaka huohuo wa 1973 Rais Nixon alizuia soya ya Marekani isiuzwe nje. Japani, iliyoitegemea Marekani kwa sehemu kubwa ya soya yake, ikashtuka. Kuanzia 1979 ikashirikiana na Brazil kugharamia mradi wa Prodecer wa kufungua mashamba ya Cerrado. China leo inachuma matunda ya mti uliomwagiliwa na Japani.

Niliwawaza wakulima wetu wa Ruvuma. Tangu 2020 Tanzania ina ruhusa ya kuiuzia China soya. Ruhusa ni karatasi. Mzee huyu alikuwa ananihesabia chokaa, mbegu na mikopo.

Tulipoingia jimbo la Pará mashamba yakapungua, tukapita malisho ya ng'ombe na mabaki ya msitu. Kipande cha mwisho cha lami kilikamilika 2020 tu. Kabla ya hapo masika yalikuwa yakiyanasa malori kwenye tope kwa siku kadhaa.

Miritituba nilisimama nje ya uzio nikitazama. Lori lote, kichwa na tela, linapandishwa kwenye jukwaa, jukwaa linainuka upande wa mbele, na soya inaporomoka kwa nyuma huku vumbi likitanda. Matishali huishusha kwa mto hadi Santarém na Barcarena, kwenye meli za baharini. Mzigo kama huo ndio ulioiwezesha China mwaka 2025 kukaa miezi kadhaa bila kununua soya mpya ya Marekani, hadi viongozi wa nchi hizo mbili walipokutana Korea Kusini mwezi Oktoba.

Lakini kando ya mto huohuo wanaishi Wamunduruku, wenyeji wa asili wa Amazon. Kuna mpango wa reli ya Ferrogrão, kilomita 933, ifuate njia hii ya malori, nao wanaupinga na kudai washauriwe kwanza. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilisimamisha sheria iliyomega hifadhi ya Jamanxim ili reli ipite. Mimi naona dai lao ni la haki kabisa. Wao hawana ugomvi na Washington wala Beijing, na utakaokatwa ni msitu wao.